Waya Usiokubali Kunyooshwa

Tak.

Kimya kidogo, halafu tak nyingine. Ilikuwa stebilaiza, kidude cha kusawazisha umeme wa friji letu, jikoni, gizani, kabla muuza maziwa hajapita. Umeme wa mtaa wetu alfajiri hauko juu wala chini. Unasimama palepale mpakani, na stebilaiza maskini haijui ishike upande gani. Inaruka huku, inaruka kule. Mume wangu Basavaraj hulala na kelele hiyo kana kwamba anaimbiwa. Mimi siwezi, na binti yangu Sindhura naye hawezi.

"Imeenda," aliniambia chini ya shuka.

Tak.

"Imerudi."

"Lala, mwanangu."

"Nikilala nani atahesabu?"

Ana miaka mitano. Nikamvuta kifuani, nywele zake zikinukia mafuta ya nazi, tukahesabu pamoja mpaka kumi na saba, akapitiwa na usingizi katikati ya namba. Mimi nikaendelea kuhesabu, maana nilikuwa na la kunikosesha usingizi. Juu ya meza ya Profesa Kameshwari, mkuu wa maabara yetu, kulikuwa na barua ya mistari minne iliyoandikwa na Daktari Srivatsa. Ilisema kwamba fundi Nagaveni, yaani mimi, anaunga nyaya vibaya, kwamba viungo vyake vimeharibu vipimo vya miezi mitatu, na kwamba ahamishiwe uwanja wa mitungi ya gesi, zamu ya jioni. Profesa alikuwa hajaitia saini. Alisema ataitia saini siku ya sikukuu ya zana, atakapokuja kula ladu, vile vidonge vitamu vya sikukuu, na sisi, kwa sababu siku inayofuata alikuwa anasafiri kwenda Delhi kwa mwezi mzima.

Nina kitu gani dhidi ya mitungi? Hakuna. Mitungi ni vitu vya heshima kuliko watu wengine ninaofanya nao kazi. Lakini zamu ya jioni ingenikata masomo yangu ya jioni, ukiwa umebaki muhula mmoja tu nipate diploma, na ingenitoa kwenye meza ya baridi, ambayo ndiyo mahali pekee duniani, ukiacha kitanda cha Sindhura, ninapojua hasa mikono yangu inafanya nini.

Niwaeleze kidogo kuhusu Daktari Srivatsa, ili msije mkamhurumia mapema.

Alisoma ng'ambo miaka saba. Alirudi Bengaluru na sweta la manyoya ya plastiki ambalo mji huu hauna baridi ya kulihitaji, akawa analivaa hivyo hivyo mpaka mwezi wa nne, jasho likimtoka kwa ajili ya elimu yake. Sweta hilo liliua waya namba tisa. Nyaya zetu ni nyembamba kiasi kwamba ukipanga elfu moja sambamba ndipo upate unene wa unywele mmoja, na cheche ndogo ile inayokurukia ukivua nguo ya nailoni inatosha kuzigeuza moshi. Ndiyo maana mimi siku za kuunga huvaa sari ya pamba na kukanyaga bamba la shaba kwa mguu mtupu. Yeye aliinama juu ya hadubini na sweta lake, kukasikika kitu kama mdudu anayepasuka, akanyanyuka na kusema, "Huu waya ulikuwa dhaifu." Niliandika kwenye daftari: namba tisa, sweta. Akaja akafuta neno sweta akaandika "sababu haijulikani". Huyo ndiye Daktari Srivatsa. Mambo yakiwa yanajulikana sana, yeye huyafanya yasijulikane.

Waya namba kumi na mbili ndio uliokubali kuishi. Ni wa risasi, madini yale yale yaliyomo ndani ya betri ya pikipiki. Ukiuzamisha kwenye heliamu iliyogeuzwa kimiminika, kwenye baridi ambayo hata barafu ingeiona ni balaa, waya unaacha kabisa kuukinza umeme. Umeme unapita bila kupoteza chochote. Hilo kila mtu analijua. Sisi tulitaka kujua waya mdogo namna hiyo hufanya nini ukisukumwa mpaka ushindwe.

Kuna njia mbili za kuusukuma. Ya kwanza, unashika mkondo: unaamuru umeme wa kiasi fulani upite, na unaongeza kidogo kidogo. Waya unavumilia, volteji sifuri, kimya, halafu ghafla unashindwa, na mstari kwenye grafu unaruka juu kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Ukipunguza mkondo, mstari haushukii pale ulipopandia. Unarudi mbali zaidi kushoto ndipo unaanguka. Kinabaki kitanzi, na kitanzi hicho kimo kwenye vitabu vyote.

Njia ya pili, unashika volteji. Hapo waya hauna ruhusa ya kukaa kimya, wala haujafikia kufa kabisa. Sehemu moja ndogo katikati yake inakufa na kufufuka, inakufa na kufufuka, kama stebilaiza yetu ya jikoni, ila kwa kasi ya wazimu. Na ukiongeza volteji kidogo, mkondo badala ya kuongezeka unapungua. Mstari unapanda huku unarudi nyuma, kisha unageuka kwenda mbele tena, kama herufi S. Kwa njia ya kwanza hutauona mkunjo huo milele, kwa sababu mkondo umeuruka.

Mimi niliuona. Niliupima mara sita. Nikampelekea Daktari Srivatsa.

Alitazama skrini, akapiga mwayo. "Waya haurudi nyuma, Nagaveni. Umeunga vibaya."

"Nimepima mara sita, Daktari. Umerudi mara sita."

"Basi umeunga vibaya mara sita."

"Nimeunga mara moja tu. Viungo ni vilevile."

"Mnafundishwa kubishana huko jioni?"

Kisha akaketi kwenye kompyuta, akachagua nukta zangu thelathini na moja zilizounda mkunjo, akazifuta, akapitisha mstari mnyoofu mahali zilipokuwa. Hiyo aliita kusafisha. Mama mkwe wangu husafisha dengu hivyo, lakini yeye hutoa mawe.

Siku mbili baadaye ndipo barua ikaandikwa. Rasimu ya makala yake ilikuwa imeshasema kwamba nyaya ndogo hazina tabia yoyote ya ajabu zikiendeshwa kwa volteji. Ilikuwa rahisi zaidi kwake kumhamisha fundi kuliko kuhamisha sentensi.

Basi ndiyo asubuhi hiyo ya stebilaiza. Nilimvisha Sindhura sketi yake ndefu ya hariri ya kijani, nikamsokotea maua ya jasmini kichwani, tukapanda basi tukaenda maabara, kwa kuwa siku hiyo ya mwaka watoto huruhusiwa kuingia na mashine huruhusiwa kutofanya kazi. Kazi ya usafi yote ilikuwa imefanyika jana yake mchana. Pampu zimefutwa mafuta, bisibisi zimepangwa kwa urefu, kila kitu kimetiwa nukta ya kumkum, unga mwekundu wa ibada, na kuvishwa maua. Mtambo wa heliamu ulikuwa umefungiwa migomba miwili, huku na huku, kama mlango wa bwana harusi. Chini ya magurudumu ya toroli la mitungi kulikuwa na ndimu zinazongoja kupondwa ili mikosi iondoke.

Anayeongoza mambo hayo ni Thimmappa, mwendesha mtambo wa heliamu, mzee wa masharubu ambaye alikuwa hapa kabla ya jengo lenyewe. Alimpokea Sindhura kwa bisi za mchele kwenye karatasi.

"Karibu, mkaguzi mkuu. Umekuja kukagua?"

"Nimekuja kula ladu, mjomba."

"Basi umewapita wakaguzi wote kwa ukweli."

Akanitazama mimi, akashusha sauti. "Dada, Profesa amekuja nayo ile barua. Nimeiona kwenye faili."

"Najua, kaka."

"Na huyo daktari wako jana jioni alibaki humu peke yake. Nilimwambia zana zimepumzishwa, akasema yeye hana muda wa kubembeleza vyuma."

Sikulitilia maanani wakati ule. Niliona tu kwamba Daktari Srivatsa alikuwa na furaha, na furaha yake daima ilikuwa dalili mbaya kwa mtu mwingine. Alikuwa amevaa kurta, kanzu fupi, ya hariri rangi ya krimu, amesimama kando ya meza ya baridi, akiwa na bahasha mkononi. Watoto wa mafundi walikuwa wakimzunguka, naye akiwaondoa kwa vidole viwili kama mtu anayeondoa nzi kwenye chai.

"Pampu zimekula ladu, Thimmappa?" aliuliza. "Au zinafunga?"

"Zimekula, Daktari. Zimekubakizia."

Profesa Kameshwari akaingia. Ni mama mwembamba, mwenye mvi, mwenye miwani inayoning'inia kwa uzi, na ambaye akisema maneno kumi kwa siku ujue siku hiyo amechangamka. Alipokea moto wa taa ya ibada kwa viganja vyake, akaugusisha machoni, akala kipande cha ladu, akafuta vidole kwa leso. Kisha akafungua faili.

"Nagaveni," alisema. "Una la kusema kabla?"

Kabla sijafungua mdomo, Daktari Srivatsa alikuwa ameshafungua bahasha.

"Profesa, nisingependa tuharibu sikukuu kwa mabishano. Jana jioni nilipima mwenyewe. Waya uleule namba kumi na mbili, heliamu ileile, kisanduku kilekile. Kwa volteji. Hakuna mkunjo. Tazama."

Aliweka karatasi juu ya meza. Profesa akavaa miwani. Na mimi nikainama, Sindhura akiwa ameshika pindo la sari yangu kwa vidole vyenye siagi ya ladu.

Mstari ulitembea chini kabisa, umelala, kisha ukaruka juu. Na kushoto kwake ulishuka mstari mwingine, njia ya kurudi. Kitanzi, tena kizuri. Angeweza kukining'iniza darasani kwetu, kwenye masomo yale ya jioni anayoyadharau, na mwanafunzi wa muhula wa pili angekuambia ni cha nini.

"Hiki kimepimwa kwa mkondo," nilisema.

"Nimesema kwa volteji."

"Umesema, Daktari. Lakini karatasi inasema mkondo. Ukishika volteji hakuna kuruka wala hakuna kitanzi."

Akacheka kwa pua, akamgeukia Profesa. "Unaona? Nikitumia data yake, nimefuta. Nikitumia yangu, nimekosea. Nagaveni, binti, hayo masomo ya jioni ni mazuri, yanawapa watu moyo. Lakini hayafiki huku."

Aliniita binti. Ananizidi miaka minne.

Nilikuwa nimeshageuka kutazama kisanduku. Kisanduku hicho hatukukinunua popote. Mimi na Thimmappa tulikitengeneza wenyewe kwenye karakana, sanduku la alumini lenye kirungu kimoja cha duara mbele: kigeuze kushoto unashika mkondo, kigeuze kulia unashika volteji. Herufi zilichongwa kwa mkono juu ya kirungu, ndogo, na kwenye kirungu kuna mstari mweupe unaokuonyesha ulipo. Siku hiyo hungeweza kuona herufi wala mstari. Thimmappa hana mkono mwepesi na kumkum. Nukta yake ilikuwa kubwa kama sarafu, mbichi ya maji na sandali ilipowekwa, sasa imekauka, nusu imekaa juu ya ukingo wa kirungu na nusu juu ya uso wa sanduku, imefunika kila kitu.

Na ilikuwa nzima.

Nilisogea mpaka pua yangu ikakaribia kuigusa. Haikuwa na ufa hata mmoja.

"Kaka Thimmappa," nilisema, "ukizipumzisha zana, virungu unavigeuzia wapi?"

"Kushoto," alisema. "Vyote. Cha jiko, cha pampu, cha redio yangu. Kushoto kabisa, nafuta, natia kumkum. Nimefanya hivyo tangu wewe hujazaliwa. Kwa nini?"

"Hiki ulikitia kumkum saa ngapi?"

"Jana saa tisa mchana. Wewe ndiye uliyenishikia sinia."

"Na Daktari alipima jioni."

Thimmappa alifikiri kidogo, halafu masharubu yake yakaanza kucheza. Profesa alikuwa ameshanyanyuka. Alikuja, akainama kama mimi nilivyoinama, akatazama nukta ile kwa muda mrefu. Mtu yeyote akigeuza kirungu, unga ule mkavu ungekatika pale ukingo unapokutana na sanduku. Hilo halihitaji diploma. Hata muuza maziwa angelielewa.

"Srivatsa," alisema Profesa. "Ulikigeuza hiki?"

"Kilikuwa kwenye volteji. Ndipo kinapokaa siku zote."

"Uliona kiko kwenye volteji?"

"Nili... kilikuwa kimefunikwa na huu, huu unga."

"Kwa nini hukuufuta?"

Hapo ndipo nilipomtazama usoni, na nakiri nilitazama kwa starehe. Miaka mitatu mtu huyu ametuambia kumkum ni uchafu kwenye vifaa. Ametuandikia tangazo ubaoni, lenye vipengele, kwamba mafuta ya taa na unga wa rangi ni adui wa vipimo. Amemcheka Thimmappa mbele ya wageni kutoka nje. Na jana jioni, peke yake, mlango umefungwa, hakuna jicho la mtu, ameinua kidole chake cha miaka saba ya ng'ambo mbele ya nukta moja ya kumkum, na kidole kikaogopa.

"Sikutaka kuwavunjia heshima," alisema.

"Ametuheshimu," Thimmappa alimwambia Sindhura, kwa upole kabisa. "Umesikia, mkaguzi? Andika hiyo."

Sikucheka. Laiti angekuwa mtu anayeamini kweli, ningemheshimu. Thimmappa anaamini, na ana haki ya kutogusa. Laiti angekuwa haamini kweli, ningemheshimu pia. Angepangusa, angesoma herufi, angegeuza, angepima, na angeuona mkunjo wangu kwa macho yake. Lakini yeye hana hata ukafiri wake mwenyewe. Ameuazima, kama lile sweta, na ukifika wakati wa kuuvaa peke yake chumbani, unambana.

Profesa alirudi kwenye kiti. Hakufunga faili. "Karatasi hii si ya volteji," alisema. "Hilo nimeona. Lakini hainiambii kwamba viungo vya Nagaveni ni vizima. Mkunjo unaweza bado kuwa kasoro. Heliamu imebaki kiasi gani?"

"Sentimita nne," nilisema. "Haifiki adhuhuri."

"Na baada ya hapo?"

Alilijua jibu. Mtambo wa heliamu ungewashwa keshokutwa, naye angekuwa Delhi. Na waya namba kumi na mbili ukipata joto mara moja, risasi inatanuka, dhahabu ya viungo inavuta, na mara tisa kati ya kumi kitu kinakatika. Pasingekuwa na waya wa kunitetea. Pangebaki barua.

"Basi pima sasa," alisema Profesa.

"Leo?" Daktari Srivatsa alishtuka kwa niaba ya miungu. "Profesa, leo zana zimepumzika. Mafundi watakwazika. Ni desturi yao. Hatuwezi tu kuingia na kuwasha vitu siku kama hii."

Nilidhani nimeshamaliza kumdharau. Kumbe bado kulikuwa na ghala nzima.

Macho yote yalimwendea Thimmappa, kwa kuwa kama yeye angesema hapana, nisingegusa kitu, na Profesa asingenilazimisha. Mzee alikaa akivuta sharubu moja. Kisha akaweka kiganja juu ya pipa la baridi, pale panapotoka mvuke mwembamba wa heliamu inayochemka.

"Chombo hiki hakijalala tangu Jumatatu," alisema. "Kinachemka usiku na mchana. Nilikitia kumkum kikiwa kazini, na kazini bado kipo. Kirungu ndicho nilichokilaza. Kirungu, dada, nakiruhusu kiamke. Ila usiufute huo unga kwa tambara."

Nilivua viatu. Sari yangu ilikuwa ya pamba, nilikuwa nimeivaa asubuhi bila kufikiri, kama mtu anayekwenda kazini. Nikakanyaga bamba la shaba, baridi yake ikanipanda mpaka gotini. Nikamwita Sindhura asimame mbele yangu, nikachovya kidole cha pete kwenye maji ya sinia, nikaikokota nukta ile polepole kutoka kwenye kisanduku, yote, nikamtia mwanangu kwenye paji la uso. Ilimjaa kutoka nyusi mpaka nywele.

"Inawasha," alisema.

"Itakauka."

Chini ya kidole changu herufi zilitokea. Mstari mweupe ulikuwa umeelekea kushoto kabisa. Nikamsogezea Profesa kiti aone. Daktari Srivatsa alikuwa ghafla anasoma kitu kwenye simu yake.

Nikageuza kulia. Kirungu kikalia kwa sauti ndogo.

Nikawasha skrini. Tumezoea kuweka mkondo kwa ulalo na volteji kwa wima. Nukta ya kwanza ikatokea kwenye kona, chini kushoto. Nikaanza kuongeza volteji, kipande kidogo kama punje ya semolina, nikingoja kila mara waya utulie, au ukatae kutulia kwa namna yake. Nukta zilitembea kulia, zimelala chini, moja baada ya moja. Watoto walikuwa wameacha bisi zao. Mama mmoja wa ofisini alikuja na sinia ya chai, akaona nyuso, akasimama nayo.

Nilijua mikono yangu haikukosea. Lakini waya ni waya. Umekaa gizani wiki nzima, jana umerukishwa na mtu asiyejua anachofanya, pengine aliuzidishia, pengine kiungo kimoja kimeachia. Sikuwa na barua ya kujibu barua yake. Nilikuwa na uzi wa risasi usioonekana kwa macho, ndani ya pipa, na sentimita nne za baridi, sasa labda tatu na nusu. Nikawaza habari za mitungi. Nikawaza nani atamsokotea Sindhura nywele jioni. Halafu nikajikaripia na kuongeza punje nyingine.

Nukta zilifika kulia kabisa, mahali ambapo kwenye karatasi ya Daktari mstari uliruka.

Hazikuruka.

"Unaona," alisema Daktari Srivatsa, ameshaacha simu, anaongea haraka. "Haipandi. Ni kiungo kimeachia. Sasa itaanza kutangatanga, Profesa, na hapo atakuambia ni ugunduzi. Ni kelele tu. Mtu asiye na mazoezi ya kusoma grafu huona chochote anachotaka kuona. Inahitaji jicho lililofunzwa."

Nikaongeza. Nukta ilipanda kidogo. Nikaongeza tena. Profesa alisogeza kiti mbele, miguu yake ikakwaruza sakafu. Nikaongeza mara tatu nyingine, na sikuthubutu kutazama skrini, nilitazama mgongo wa mwanangu, maua ya jasmini yakimteleza shingoni, kidole chake chenye siagi kikipanda hewani kufuata nukta zile kama anavyofuata kelele ya stebilaiza gizani, akihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Mtu mwenye macho ya kawaida," Daktari Srivatsa aliendelea, "hawezi kabisa kusema hapo pana mkunjo au hapana."

Sindhura aligeuka, uso mwekundu wa kumkum, akamtazama yeye na si mimi.

"Mstari umerudi nyuma," alisema.